Kadi Ilifika: Kumbukumbu ya Rahabu wa Ilongero

Rahabu wetu, Mama Klara, mwaka umetimia tangu Jumanne ile ya Februari 1955 ulipotuacha hapa Ilongero, mvua ikinyesha na maji yakiingia mpaka kizingitini. Tulisema mwaka ukiisha tutakuandikia, na leo tumekaa tunakuandikia. Watakaosikia haya yakisomwa kanisani, na wasikie. Tulikusudia kukusifu tu, lakini kuna jambo la aibu limetutoka nyumbani mwetu wenyewe, na hatuwezi kulipita kimya kimya. Tutafika huko.

Kwanza mikono yako. Ee Mama Klara, ile mikono! Bibi wa misheni aliwafundisha akina mama kushona kila Alhamisi. Wenzako wakajua kushona foronya, wakaridhika. Wewe ukaanza kushona mablanketi ya vipande, chini kitambaa cha marekani, katikati blanketi kuukuu, juu vipande vya kila rangi vilivyopangwa mpaka mtu anakaa kuviangalia anasahau alichokuja kukuambia.

Mtoto akizaliwa ulikuwa unazunguka kwa ndugu zake nyumba hata nyumba. "Nipeni kipande." Shati la babu lililochanika kwapani, kanga ya shangazi, suruali ya kaki ya mjomba aliyerudi vitani Burma. Yupo mmoja, hatumtaji, alikupa tambara la kuipulia sufuria. Ukamrudishia papo hapo. "Shemeji, mtoto huyu atajifunika ukoo wake, hatajifunika jiko lako. Lete nguo!" Akaenda kuleta kanga nzima, na hasira zake.

Vipande ulivitandaza uani juu ya ngozi ya ng'ombe, ukavizunguka siku mbili tatu kabla ya kutia sindano. Kuku uliwafukuza, watoto uliwafukuza. Mumeo Melkiori alikanyaga mara moja tu, akala ugali bila mboga siku mbili, na mpaka leo akipita pale uani anachepuka.

Na kadi zako. Hukujua kusoma wala kuandika, lakini hakuna mtu Ilongero aliyetuma salamu nyingi kama wewe. Mafundi cherehani wa barazani dukani kwa Badrudin kule Singida walikuwekea mabaki ya vitambaa, na mwenye duka akakuwekea maboksi ya sabuni. Ulikata maboksi yale, ukachemsha gundi ya migunga, ukabandika. Unyoya wa heroe, wale ndege wekundu wa ziwani, maana yake mtoto amezaliwa. Kipande cha nguo kinasema ni nani anayekusalimu. Kadi ikishonwa pembeni kwa uzi mwekundu, ni heri. Kwa uzi mweusi, ni ugonjwa. Punje za mtama ni siku: ukiona punje nne, basi fika kabla siku nne hazijaisha.

Melkiori alipokwenda manamba Korogwe, kwenye mashamba ya katani, wenzake walisomewa barua na karani, kila mtu akisikia mambo ya nyumbani kwao. Yeye alipata kadi yako yenye nywele nyekundu za ndama. Akajua ng'ombe wetu kazaa, na hakuna karani aliyejua. Alikuwa akituhadithia jambo hilo kwa majivuno makubwa.

Mwanao wa kwanza, Klara, alizisoma kadi zako kabla hajajua a-e-i-o-u. Ulimkalisha mapajani akagusa punje moja moja kwa kidole. Akaenda shule, akafaulu, akaolewa na Antipasi, karani wa boma la Singida, nasi tukafurahi mno. Siku ya harusi ulimpa blanketi kubwa kuliko yote uliyopata kushona, kazi ya miezi saba. Akalilaza chini ya sanduku.

Sasa tunafika kwenye jambo lenyewe. Klara ameomba tusimfiche. Tumemwuliza mara tatu, akajibu mara tatu.

Januari ya mwaka jana uliugua ugonjwa wa kike, mahali ambapo mwanamke haonyeshi mtu. Hukutaka utajwe na hata leo hatuutaji. Ulipoambiwa ni lazima upasuliwe, na kwamba lori la hospitali litapita Ilongero Jumamosi ya wiki ya pili ya Februari, ulikubali kwa sharti moja. "Klara awepo. Sivuliwi nguo mbele ya waganga nikiwa peke yangu. Mwanangu mkubwa asimame kichwani pangu."

Mdogo wako Dorkas alijitolea kwenda nawe. Ukamtazama. "Wewe Dorkas na mdomo huo? Nikirudi nitakuta habari zangu zimefika Mtinko." Stefano mwanao akataka kumwandikia dada yake barua. Ukakataa. "Mtoto wa kiume haandiki habari za mwili wa mama yake." Ukaomba mkasi wako na boksi.

Kadi ile tuliiona wote. Kipande cha blauzi yako ya buluu yenye vidoti vyeupe, uzi mweusi pande zote nne, na chini punje tisa za mtama zimepangwa mstari mmoja. Alhamisi alfajiri ulimkabidhi jirani yetu Simoni, mwenye punda wawili, anayepeleka samli na kuku Singida. Ulimwambia, sote tunasikia, "Mpe Klara mkononi. Usimpe mtu mwingine, wala usiiweke mezani."

Simoni alifika Singida alasiri ya siku ile ile. Klara alikuwa na wageni, wake za makarani wa klabu ya akina mama, pale wanapofundishwa kufuma na kuoka keki. Mkubwa wao ni Bibi Luciana, mke wa karani mkuu, na alikuwa amekalia kiti kizuri. Klara alikuwa amewatolea vikombe vya harusi na amefunga kitambaa kipya kichwani. Alikuwa akiwaogopa wale wanawake. Alijua siku moja watagundua kwamba ametoka nyumba ya tembe na alikuwa akilala na ndama ndani.

"Hodi wenyewe!" Simoni huyo mlangoni, vumbi mpaka kwenye nyusi, harufu ya samli inamtangulia.

Klara aliinuka upesi. Simoni alikuwa rika la baba yake. Tangu utotoni Klara alikuwa hampiti bila shikamoo, hata akiwa na mtungi kichwani. Siku ile aliimeza. Alisema tu, "Ungepitia mlango wa nyuma."

"Sitaingia, mwanangu. Mama yako amesema nikupe mkononi. Haya, nimekupa." Akageuka. Hakupewa hata maji ya kunywa.

Bibi Luciana akanyoosha shingo. "He! Na hiyo nayo ni nini? Leo kuku wameandikiwa barua?"

Wenzake wakacheka. Mmoja akaipokea kadi, akaigeuza. "Jamani, boksi la sabuni! Na mtama juu yake. Nani huyo kakuandikia, Mama?"

Hapo, Mama Klara, ndipo penyewe. Klara anasema aliuona uzi mweusi. Aliona kile kitambaa cha buluu na akajua ni chako, maana aliijua blauzi hiyo toka alipokuwa akikushika kiunoni. Lakini wale wanawake walikuwa wakimtazama wakisubiri, na mdomo wake ukasema, "Aa, ni mama mmoja tu kule kijijini. Anajifunza kutengeneza kadi, basi ananitumiatumia."

Mama mmoja tu! Dorkas alipoyasikia maneno hayo kwa Klara mwenyewe, Jumamosi iliyopita, alitoka nje, akakaa kwenye jiwe, asirudi ndani mpaka chai ikapoa.

Na Klara hakuishia hapo. Wageni walikuwa wamechangamka, naye akataka waendelee kuchangamka. Akaichukua kadi, akabandua punje kwa ukucha, moja baada ya moja, akawarushia kuku waliokuwa mlangoni. "Basi, barua imefika kwa wenyewe." Wakacheka mpaka Bibi Luciana akajifuta machozi. Klara naye akacheka. Anasema alicheka kuliko wote.

Walipoondoka aliitoa kadi rafuni alikoiweka. Yalibaki madoa ya gundi tu, na mengine yalikuwa yamebanduka pamoja na karatasi. Akahesabu saba. Akahesabu tena, kumi na moja. Akajiambia mama siku zote ana vikohozi vya masika, nitakwenda mwisho wa mwezi Antipasi akipata ruhusa. Angeweza kumfuata Simoni sokoni akamwuliza, maana alilala mjini usiku ule. Aliona haya kumfuata mtu ambaye amemfukuza mlangoni.

Tena Jumamosi ya wiki ya pili klabu ilikuwa na maonyesho ya kazi za mikono pale boma, na Klara hakutaka kuyakosa.

Jumamosi hiyo, wewe uliamka mapema ukaoga. Ulivaa gauni la kanisani, ukakaa uani kwenye kigoda na kifurushi chako miguuni. Lori likaja. Dereva akasema twende, mama. Ukamwambia, "Mwanangu yuko njiani. Ngoja kidogo." Akangoja, hatumlaumu, alingoja mpaka jua likawa la utosi na wagonjwa wengine wanaugulia ndani ya lori. Melkiori akakubembeleza. Dorkas akakusihi mpaka akalia. Ukashika kigoda kwa mikono miwili. "Simoni amefika, amempa mkononi, kaniambia mwenyewe. Klara anazijua punje. Hawezi kuacha kuja." Lori likaondoka bila wewe.

Saa hiyo hiyo, huko boma, Klara alikuwa amesimama mbele ya lile blanketi lako la harusi. Alilitoa chini ya sanduku akalitundika ukutani kwenye maonyesho. Mama wa Kizungu aliyekuja kuchagua washindi alilishika, akalipapasa, akaita wenzake waje kuona. Akauliza nani ameshona.

"Mimi," alisema Klara.

Akapewa zawadi ya kwanza, mkasi mpya ndani ya kasha lake.

Lori lingerudi baada ya wiki. Wewe hukufika huko. Jumanne ulikata roho, na neno lako la mwisho kwa Dorkas lilikuwa kuuliza kama mtu amepiga hodi. Waganga wanasema huenda kisu kisingesaidia. Huenda. Sisi hatujui, na Klara hatajua mpaka anakufa, na hilo ndilo linalomla.

Aliletwa mazikoni kwa baiskeli, matope mpaka magotini. Dorkas hakungoja amalize kulia. "Klara, kadi hukuipata?"

Watu wote wakamgeukia. Klara anasema wakati ule angeweza kusema. Akaona macho ya baba yake, akaona kaburi, akaogopa.

"Kadi gani?" alisema. Halafu akasema na lingine, "Simoni hakufika kwangu."

Simoni alikuwepo, amesimama na wanaume, jembe mkononi, maana yeye pia alikuchimbia. Akasema taratibu tu, "Mwanangu, si nilikupa mkononi?" Klara akainamisha kichwa. Nasi tukamwamini Klara. Ana viatu, amesoma, ni mke wa karani, na ni wetu. Simoni ni mtu wa punda na anapenda pombe kidogo. Kabla jua halijazama, wapo waliokuwa wanaapa kwamba alilewa njiani, kadi ikadondoka mtoni. Walijuaje? Hata sisi tulisema hivyo, Mama Klara. Melkiori, aliyecheza naye utotoni, alimpa kisogo.

Mwaka mzima hakuna aliyempa Simoni hata kuku mmoja wa kupeleka sokoni. Punda mmoja ameuzwa. Mkewe aliacha kwenda kushona siku za Alhamisi, kwa sababu akikaa kwenye mkeka wenzake wanahamia mwingine. Tuliyaona hayo. Tukaona ni haki yake.

Jumamosi iliyopita tulikusanyika kuandika kumbukumbu hii. Stefano ndiye mwandishi, na aliandika vizuri, akasoma kwa sauti: "Kadi yako ya mwisho ikapotezwa njiani na mtu asiye mwaminifu." Klara alikuwa anamimina chai. Akaweka birika chini.

"Futa," akasema.

"Nifute nini?"

"Hayo ya njiani. Kadi ilifika, Stefano. Nilipewa mkononi. Punje nikawapa kuku."

Akasema yote, amesimama, kama tulivyokuandikia hapa. Alipomaliza akatoa ule mkasi mkobani, akauweka mezani mbele ya baba yake. "Na huu nilipewa kwa kazi ya mama."

Hatutaandika yote aliyoyasema Dorkas, maana haya yatasomwa kanisani. Antipasi, mume wake, ndiye aliyezungumza baada yake. "Sawa, tumesikia. Yaishie humu humu ndani. Mambo haya yakisomwa mbele ya watu, nitakwenda vipi kazini?"

"Simoni amekwenda vipi sokoni mwaka mzima?" Klara alimjibu.

Melkiori alivaa koti lake, akamwambia binti yake atangulie.

Simoni walimkuta anashona matandiko ya punda wake aliyebaki. Klara alipiga magoti pale pale kwenye samadi. "Shikamoo, baba."

"Marahaba." Sindano haikusimama.

Klara akamweleza. Alilia, akaomba msamaha, akasema atampa mbuzi, atamnunulia punda mwingine. Simoni alimwacha aseme mpaka maneno yakamwishia.

"Inuka," alisema. "Mbuzi sitaki. Na kulia kwako hapa, nani anakusikia? Mimi na punda. Ulinitaja mbele ya watu, Klara, juu ya kaburi la mama yako. Nitaje tena mbele ya watu. Ukimaliza hapo, uje tuzungumze habari za msamaha."

Kisha akamgeukia Melkiori, akamwambia, "Nawe ulinijua." Melkiori alikaa chini kwenye samadi, mtu mzima yule, akajifunika uso kwa kofia yake. Simoni akampisha mkeka, lakini hakumpa mkono. Mpaka tunaandika haya hajampa.

Basi, Mama Klara, ndiyo maana tunakuandikia hivi. Watu wa Ilongero, na nyinyi wa Mtinko ambao habari za mto ziliwafikia, sikieni: hakuna kadi iliyodondoka. Simoni hakulewa. Aliondoka alfajiri, akafika alasiri, akatoa mkononi kama alivyoagizwa, akafukuzwa mlangoni na kiu yake. Aliyeharibu ni mtoto wetu, na sisi ndugu tukamsaidia kwa ndimi zetu. Tunaona aibu kubwa. Tunaona aibu kwako, kwa kukufanya ungoje kwenye kigoda kile, na tunaona aibu kwake.

Klara bado yuko hapa Ilongero, na ameanza kushona siku za Alhamisi. Anakaa mkeka mmoja na mke wa Simoni, ambaye alirudi wiki hii baada ya Dorkas kwenda kumchukua mwenyewe. Hawaongei. Juzi mke wa Simoni alimnyooshea uzi bila kumtazama, Klara akaupokea kwa mikono miwili.

Wanaokukumbuka: mumeo Melkiori; mdogo wako Dorkas; mwanao Stefano; mkweo Antipasi, aliyekubali mwishoni; wajukuu wote wanaojifunika kazi ya mikono yako; na Klara, mwanao wa kwanza, aliyekukana.

Hatutakusahau siku zote za maisha yetu.

Na baada ya jina la Klara, kwa ombi lake mwenyewe na kwa idhini ya nyumba nzima, tunamwandika mtu mmoja ambaye si ndugu yetu: Simoni mwana wa Melkizedeki, uliyemtuma akafika.